Mwenda Bure Si Mkaa Bure: Somo la Ziara ya Familia Mjini Toronto



Familia nyingi tunazozitembelea zimekaa Toronto mwaka mmoja au miwili, na mji wote wanaoujua ni njia nne: ya shule ya watoto, ya darasa la Kiingereza, ya duka la vyakula na ya ofisi yetu. Mnara wa CN wanauona kwa mbali wakiwa dirishani. Ziwa Ontario hawajaligusa.

Huo si uvivu. Kuna nauli, kuna baridi, kuna lugha, kuna hofu ya kupotea na watoto. Na kuna sababu moja ambayo hatuitaji sana. Wengi wetu tuliishi kambini miaka kumi, hata ishirini. Kakuma na Dadaab, kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali. Nyarugusu vilevile. Mtu aliyezoea kuomba ruhusa ya kusafiri hujifunza kutulia mahali alipowekwa, na tabia hiyo haiachwi uwanja wa ndege siku ya kuwasili.

Kwa hiyo tuanze na jambo la sheria. Ulipoingia Kanada kama mkimbizi aliyepewa makazi, ulipewa ukaazi wa kudumu. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki na Uhuru wa mwaka 1982 kinampa mkaazi wa kudumu, sawa na raia, haki ya kuhamia na kufanya kazi katika jimbo lolote. Kwenda ziwani Jumamosi hakuhitaji barua ya mtu yeyote.

Somo hili linahusu njia moja ya kuanza: ziara ya binafsi, yaani kumlipa mwongozaji akutembeze mjini wewe na watu wako tu. Tutaona inavyofanya kazi, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa, njia ya mfano, na namna ya kuifanya bila pesa nyingi. Kipimo cha ziara nzuri kwa mkazi ni kimoja: baada ya siku hiyo, je, unaweza kuipita njia ile ile bila mwongozaji, wewe ukiwa mbele?

1. Ziara za aina tatu

Ya kwanza ni ziara ya kundi. Unapanda basi la watalii au unatembea na watu usiowajua, kila mtu na tiketi yake. Njia na saa vimepangwa. Mtoto akitaka choo au bibi akichoka, kundi halisubiri sana.

Ya pili ni ziara ya binafsi. Hapa unanunua saa za mwongozaji. Mnakwenda kwa mwendo wenu, mnauliza mnachotaka, na unaweza kumwambia mapema: "Hatutaki maduka. Tuonyeshe maktaba kubwa, soko, ziwa na mahali walipoishi wahamiaji wa kwanza." Mwongozaji mzuri atafurahi kuambiwa hivyo.

Ya tatu ni ziara mnayoiongoza wenyewe, kwa ramani, usafiri wa umma na maandalizi ya jioni moja.

Waliotoka pwani wanaijua kazi hii kwa upande wa pili. Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna mwongozaji mwenye kitambulisho, na kuna papasi anayekufuata kutoka bandarini. Toronto pia wapo wanaofanana na papasi, na mara nyingine wanazungumza lugha yetu. Mtu ana gari, anajitolea kuwatembeza shangazi na wajomba waliokuja kutoka Edmonton au Marekani, bei anaitaja mwishoni. Si kila anayejitolea ana nia mbaya. Lakini bei isiyotajwa asubuhi huzaa ugomvi jioni, na ugomvi wa jioni huwafikia mpaka watu wa kanisani na msikitini. Muulizeni jirani maswali yale yale ambayo mngeuliza kampuni.

2. Maswali kabla ya kulipa

Yaulize kwa maandishi, kwa ujumbe au barua pepe, ili majibu yabaki.

Bei ni ya kundi zima au ya kila mtu? Hili ndilo swali la kwanza kwa familia kubwa. Tuchukue mfano. Mwongozaji mmoja anataka dola 240 kwa kundi kwa saa tatu. Mwingine anataka dola 50 kwa kila mtu. Kwa wachumba wawili, wa pili ni nafuu: dola 100. Kwa familia ya watu wanane, wa pili anakuwa dola 400, na wa kwanza anabaki 240.

Kodi imo ndani? Ontario hutoza kodi ya mauzo ya HST, asilimia 13, na mara nyingi bei hutangazwa bila kodi hiyo. Zile dola 240 zinakuwa 271.20. Gawanya kwa watu wanane: dola 33.90 kila mmoja. Bakshishi kwa mwongozaji ni desturi hapa, lakini hutolewa kwa hiari baada ya kazi. Asikuambie mtu kwamba ni ada ya lazima kama haikuandikwa kwenye makubaliano.

Tiketi za kuingia zimo? Mwongozaji anaweza kukufikisha mlangoni pa mnara au jumba la makumbusho, na tiketi ikawa juu yako. Kwa watu wanane, tiketi zinaweza kuzidi malipo ya mwongozaji.

Tunaanza saa ngapi, wapi, na tunaishia wapi? Hapa tahadhari na saa za Kiswahili. Ukisema "saa tatu" huku ukimaanisha asubuhi, kisha ukaitafsiri neno kwa neno, mwenzako atakuja alasiri. Andika kwa tarakimu, 9:00, na uongeze kwamba ni asubuhi. Andika pia jina la kituo na mlango wa kukutania. Union Station ina milango mingi, na watu wanaweza kusubiriana nusu saa wakiwa jengo moja.

Kama kuna gari, ni la nani na bima yake ni ya aina gani? Kwa kawaida bima ya gari la nyumbani haikusudiwi kubeba abiria wanaolipa. Ajali ikitokea, mnaweza kujikuta katikati ya mabishano. Uliza pia viti vya watoto. Sheria ya Ontario inataka mtoto mdogo akae kwenye kiti chake maalumu kulingana na uzito, na mkubwa kidogo akae kwenye kiti cha kumwinua mpaka afikishe miaka 8, au kilo 36, au sentimita 145. Kumpakata mtoto mapajani ndani ya gari, kama tulivyozoea, ni hatari na ni kosa.

Mvua ikinyesha au mtoto akiugua? Uliza mwisho wa kughairi na kurudishiwa pesa ni lini. Usitume malipo yote mapema kwa uhamisho wa Interac kwa mtu usiyemjua. Pesa zikishapokelewa upande wa pili, kuzirudisha ni shida. Malipo kidogo ya awali, risiti mkononi, na kinachobaki siku yenyewe: hivyo ndivyo mnavyolindana pande zote mbili.

Lugha ipi? Waongozaji wa Kiswahili ni wachache. Kama Kiingereza au Kifaransa chenu bado ni cha kujikongoja, mwombeni mtu mzima mnayemwamini aje kutafsiri, na mwongozaji aambiwe mapema apunguze mwendo. Tunawasihi wazazi: kazi hiyo isiwe ya mtoto siku nzima. Tayari watoto wetu wanatafsiri kwa daktari, benki na kwa mwenye nyumba. Siku hii iwe yao ya kutembea kama watoto.

3. Njia ya mfano: mji uliojengwa na waliokimbia

Ziara nyingi huonyesha majengo marefu. Yaangalieni, ni mazuri. Mnara wa CN ulifunguliwa mwaka 1976, una mita 553, na kuutazama kutoka chini ni bure. Lakini mkimpa mwongozaji saa tatu au nne, mwombeni pia njia ifuatayo. Tumeichagua kwa sababu inaeleza habari zetu sisi.

Anzeni Union Station, kituo kilichofunguliwa mwaka 1927. Hapa mtoto wa kila umri ajifunze jambo moja: akipotea mjini, treni ya chini ya ardhi ya Line 1 itamrudisha hapa. Pandeni mtaa wa Bay kwa miguu hadi City Hall, yale majengo mawili yaliyopinda kama viganja viwili, yaliyofunguliwa mwaka 1965. Aliyeyabuni, Viljo Revell, alikuwa Mfini. Mbele yake kuna uwanja wenye herufi kubwa za jina la jiji. Piga picha ya familia hapo, kisha umuulize mwongozaji jina hilo lilitoka wapi. Atakuambia huenda ni neno la Kimohawk linalohusu miti iliyosimama majini. Hapa palikuwa na watu kabla ya sote, na ardhi hii imo katika mkataba na Wamississauga wa Credit.

Upande wa magharibi wa uwanja kuna Osgoode Hall, jengo la wanasheria lenye uzio wa chuma. Simameni hapo. Miaka ya 1830 alifanya kazi humo mhudumu wa mezani aitwaye Thornton Blackburn.

Thornton na mkewe Lucie walikuwa watumwa huko Louisville, Kentucky. Mwaka 1831 walitoroka wakafika Detroit. Miaka miwili baadaye wakakamatwa warudishwe kwa mabwana zao. Watu weusi wa Detroit hawakukubali. Lucie alitolewa jela kwa ujanja, akabadilishana nguo na mwanamke aliyekuja kumtembelea. Kesho yake umati ukamwokoa Thornton mikononi mwa walinzi. Wote wawili wakavuka mto kuingia ng'ambo hii, iliyoitwa Upper Canada. Marekani ikataka warudishwe. Serikali ya hapa ikakataa.

Mwaka 1834 walifika Toronto, mwaka ule ule mji ulipopewa hadhi ya jiji. Hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1837 Thornton alitengenezewa gari la kukokotwa na farasi mmoja, la rangi nyekundu na njano, lenye nafasi ya abiria wanne. Akaliita The City. Hiyo ndiyo ilikuwa teksi ya kwanza ya Upper Canada. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuwachukua watu kwa malipo na kuwapitisha mitaa ya Toronto alikuwa mkimbizi mweusi. Ndugu zetu wanaoendesha teksi usiku wana babu katika kazi hiyo.

Sehemu inayowagusa wengi ofisini kwetu ni hii: baadaye Thornton alirudi Kentucky, mahali ambapo angeweza kukamatwa tena, akamleta mama yake Toronto. Kila wiki tunajaza fomu na watu wenye mama upande wa pili wa dunia. Safari yetu ni ya makaratasi na ya kusubiri, si ya kujificha usiku, lakini hamu ni ile ile.

Kutoka hapo telemkeni hadi St. Lawrence Market. Pamekuwa na soko hapo tangu mwaka 1803. Jumatatu hufungwa. Bei za ndani si za kununulia chakula cha wiki, lakini kuzunguka na kuonja kipande cha jibini hakugharimu kitu. Kisha elekeeni mashariki, kwa miguu dakika ishirini hivi au kwa tramu ya mtaa wa King, hadi mtaa wa Sackville karibu na Eastern Avenue. Kwenye uwanja wa shule ya Inglenook ndipo ilipokuwa nyumba ya Thornton na Lucie. Mwaka 1985 wataalamu wa mambo ya kale walipachimba, watoto wa shule wakishiriki, na leo kuna kibao cha kumbukumbu. Thornton alifariki mwaka 1890, Lucie mwaka 1895, na wamezikwa katika makaburi ya Necropolis jijini humu.

Kama miguu bado ina nguvu, maliza ziwani. Rudini Union Station, mpande tramu ya Harbourfront kuelekea magharibi, mshuke karibu na mtaa wa Bathurst. Hapo kuna Ireland Park. Mwaka 1847 watu zaidi ya 38,000 waliokimbia njaa Ireland walishushwa Toronto, mji uliokuwa na wakazi 20,000 hivi. Hebu wazieni: wageni wanakaribia kuwa mara mbili ya wenyeji. Walikuja na homa ya tifasi. Zaidi ya 1,100 walifia hapa, na Askofu Mkatoliki Michael Power naye akafa kwa homa hiyo baada ya kuwahudumia. Kwenye bustani kuna sanamu tano za watu waliokonda wakiwasili, na majina ya marehemu yamechongwa kwenye mawe. Mmoja wa sanamu ameinua mikono juu. Waacheni watoto waulize kwa nini, na msikimbilie kujibu.

4. Wazee, watoto na hali ya hewa

Saa tatu zinatosha kwa mara ya kwanza. Mzee mwenye magoti mabaya aambiwe ukweli wa umbali, na mwongozaji aulizwe vituo vyenye lifti, kwa maana si kila kituo kinayo. Beba maji, mkate au chapati, na koti hata kama jua limewaka, kwa kuwa upepo wa ziwani ni mwingine. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi. Miezi ya Mei hadi Oktoba ndiyo rahisi zaidi. Wakati wa baridi, fupisheni njia ya nje na muongeze muda wa ndani.

5. Pesa zikiwa hazipo

Familia nyingi hazina dola 270 za kutoa mwezi huu, na hakuna aibu. Mji wenyewe una milango iliyo wazi.

Wakati tunaandika, nauli ya TTC kwa mtu mzima mwenye kadi ni dola 3.30, na inakuruhusu kushuka na kupanda tena kwa saa mbili. Watoto wa miaka 12 kurudi chini hawalipi. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba punguzo liitwalo Fair Pass, na tutawasaidia kujaza fomu.

Kadi ya maktaba ya Toronto Public Library ni bure, na kwa kadi hiyo unaweza kuomba pasi za familia za kuingia makumbusho. Pasi huisha haraka, basi ombeni mapema. Programu ya simu iitwayo Canoo inawapa wakaazi wa kudumu wapya na raia wapya kiingilio cha bure sehemu nyingi nchini. Majumba ya historia yanayoendeshwa na jiji, kama Fort York na Mackenzie House, hayatozi kiingilio cha kawaida. Bunge la Ontario, Queen's Park, hutembeza wageni bila malipo.

Mwanzoni mwa Mei kuna Jane's Walk, matembezi ya bure yanayoongozwa na wakazi wenyewe, yaliyoanza hapa Toronto mwaka 2007. Mwishoni mwa Mei kuna Doors Open, siku ambazo majengo mengi hufunguliwa kwa umma bure. Kivuko cha kwenda visiwani kina nauli, lakini unalipa wakati wa kwenda tu, kurudi hulipi.

Njia nyingine ni kuchangia. Familia tatu zikishirikiana kumlipa mwongozaji mmoja kwa bei ya kundi, kila moja hutoa theluthi. Thibitisheni kwanza idadi ya watu anaowakubali.

6. Kazi ya nyumbani

Hii ndiyo sehemu inayogeuza matembezi kuwa somo. Siku ya ziara, kila mtu apewe kazi. Baba au mjomba ashike ramani na kuandika majina ya vituo. Mama aandae maswali mawili na kuyauliza mwenyewe, kwa Kiingereza chake alicho nacho. Mtoto mkubwa apige picha za alama: kanisa, duka la kona, sanamu. Mdogo ahesabu tramu.

Baada ya wiki mbili, rudieni njia ile ile bila mwongozaji. Safari hii mzazi aongoze. Watoto wetu huwahi kuujua mji, na polepole mzazi anakuwa abiria wa mwanawe. Mtoto anayemwona mama yake akipanda tramu bila kusita na kusema, "Tunashuka kituo kijacho," anarudishiwa kitu muhimu: anajua kuna mtu mzima anayeijua njia.

Maswali ya kujadili mezani:

Ni njia ngapi mjini ambazo kila mmoja wetu anaweza kupita peke yake leo? Nani hajui hata moja, na nani atamfundisha?

Tukipata mgeni kesho, tutamwonyesha mahali gani patatu, na tutamweleza nini kwa Kiswahili?

Kitu gani kilimwezesha Thornton kufanya kazi ya kuwapitisha watu mjini ingawa hakujua kusoma? Sisi tuna kipi kinachofanana nacho?

Ukiwa na makubaliano ya mwongozaji usiyoyaelewa, yalete ofisini kabla ya kulipa, tuyasome pamoja. Na kama umeshaipita njia hii na familia yako, njoo pia. Kuna familia zilizofika mwezi uliopita zinazomsubiri mtu wa kuzitembeza, na huenda mtu huyo ni wewe.